Betri mpya zinakuja, lakini zitaingia lini mfukoni mwa Mpwani?

Haupiti mwezi bila kutangazwa betri mpya mahali fulani duniani. Hii inajaa chaji kabla chai haijapoa, ile inakaa siku tatu bila kuguswa, nyingine haishiki moto hata ikitobolewa kwa msumari. Video husambaa kwenye makundi ya WhatsApp, watu hushangaa, kisha simu zilezile huendelea kuzima saa kumi na moja jioni, wakati mwenye kibanda anangoja malipo ya M-Pesa.

Kwa mkaazi wa Pwani suala hili si la anasa. Simu ndiyo pochi, ndiyo duka, ndiyo tochi ya kurudia nyumbani. Mhudumu wa bodaboda wa Likoni hupata wateja kwa simu. Mvuvi wa Kipini huuza samaki kwa simu kabla chombo hakijafika ufuoni. Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, aliyebaki na chaji ndiye aliyebaki na pesa za kununua mkate. Kwa hiyo mtu akiuliza betri mpya zitatufikia lini, anauliza kuhusu riziki yake.

Jibu fupi ni hili: baadhi zimeshafika bila vigelegele, baadhi zitafika katika miaka michache ijayo, na ile inayosifiwa zaidi ndiyo itakayochelewa zaidi. Lakini kuna swali la pili ambalo halisikiki sana, nalo lina uzito zaidi kwetu: zitatufikia katika hali gani, na zikifa zitafia mikononi mwa nani?

Njia ndefu kutoka maabara hadi dukani

Betri ya lithiamu iliyo ndani ya simu yako si mtoto wa juzi. Stanley Whittingham aliweka msingi wake miaka ya 1970. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake mjini Oxford waligundua kiungo cha kobalti kilichoipa nguvu. Akira Yoshino wa Japani akaunda ile iliyo salama kutumika mwaka 1985. Kampuni ya Sony ndiyo iliyoiuza kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kwenye kamera za video. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, wakati huo dunia nzima ikiwa imeshazoea kuchaji.

Angalia miaka hiyo vizuri. Kutoka ugunduzi wa 1980 hadi bidhaa ya kwanza dukani ni miaka 11, na hiyo ni betri iliyofanikiwa kuliko zote. Zilizokwama njiani ni nyingi kuliko zilizofika. Novemba 2017 watafiti wa Samsung walitangaza kitu walichokiita mpira wa grafini, ambacho kingejaza simu chaji kwa dakika 12 na kuongeza uwezo wa betri kwa asilimia 45. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Miaka ikapita, na simu kubwa ya Samsung ya mwaka 2025, Galaxy S25 Ultra, ikatoka na betri ya mAh 5,000, sawasawa na Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020.

Si kwamba watafiti wale walidanganya. Betri inayofanya kazi maabara imepita mtihani mmoja tu. Ili iingie kwenye simu ya kuuzwa Mwembe Tayari lazima ipite mitihani mingine minne: idumu mamia ya mizunguko ya chaji bila kuchoka, isilipuke mfukoni, iweze kutengenezwa kwa mamilioni bila kasoro, na bei yake isizidi ile iliyopo. Samsung yenyewe inajua uchungu wa mtihani wa usalama. Mwaka 2016 ililazimika kurudisha takriban simu milioni 2.5 za Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri kushika moto, kisha ikaiondoa simu hiyo sokoni kabisa. Baada ya tukio kama hilo, hakuna kampuni kubwa inayokimbilia betri isiyoijua.

Mtihani wa bei ndio unaoangusha wengi. Betri mpya haishindani na bei ya leo ya lithiamu. Inashindana na bei itakayokuwepo siku itakapofika sokoni, na bei hiyo imekuwa ikishuka. Kwa mujibu wa BloombergNEF, wastani wa bei ya pakiti za lithiamu ulikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa mwaka 2010. Mwaka 2024 ulikuwa dola 115. Mgeni anayeingia sokoni hukuta mwenyeji ameshapunguza bei tena.

Iliyokwisha kuingia simuni

Hata hivyo kuna moja iliyopita mitihani yote, nayo ni betri ya silikoni na kaboni. Katika betri ya kawaida, upande hasi hutengenezwa kwa grafiti, jamii ya kile kilicho ndani ya penseli. Silikoni inaweza kushika lithiamu karibu mara kumi zaidi ya grafiti ya uzito uleule. Ubaya wake ni kwamba ikishiba hutanuka zaidi ya mara tatu, ikitoa chaji hunywea, na kwa kutanuka na kunywea huko hupasukapasuka. Dawa iliyopatikana ni kuchanganya kiasi kidogo cha silikoni na kaboni ili kaboni ibebe ule mtanuko.

Mwezi Machi 2023 kampuni ya Honor ilitoa simu ya Magic5 Pro. Iliyouzwa Uchina ilikuwa na betri ya silikoni na kaboni ya mAh 5,450, ilhali iliyouzwa kwingineko ilibaki na mAh 5,100. Tangu hapo kampuni za Uchina zimekuwa zikishindana. OnePlus 13 ilikuja na mAh 6,000 mwaka 2024, na Honor Power ikafika mAh 8,000 mwaka 2025, katika simu isiyo nene kuliko tulizozizoea.

Siri ya mafanikio hayo ni kwamba hapakuhitajika kiwanda kipya. Mitambo ileile inayotengeneza betri za kawaida hupokea mchanganyiko mpya na kuendelea na kazi. Msomaji akitaka kujua ni habari gani ya betri aipe uzito, ajiulize swali hilohilo: je, inaweza kutengenezwa na mitambo iliyopo? Ikiwa ndiyo, hesabu miaka michache. Ikiwa hapana, hesabu muongo.

Lakini hapa pia pana somo kuhusu nani hupata nini. Simu moja yenye jina moja huuzwa ikiwa na betri kubwa Uchina na ndogo kwingine. Xiaomi 15 Ultra ina mAh 6,000 huko kwao na mAh 5,410 katika toleo la nchi za nje. Sababu moja inayotajwa ni kanuni za usafirishaji. Seli moja ya betri ikivuka wati-saa 20 huangukia katika kundi la mizigo hatari yenye masharti makali, na mAh 5,000 hukaa chini kidogo tu ya mpaka huo. Kampuni huona heri kupunguza betri kuliko kulipia usumbufu.

Simu nyingi za bei nafuu katika maduka yetu bado zina lithiamu ya kawaida ya mAh 5,000 au karibu na hapo. Kwa kuwa silikoni haihitaji kiwanda kipya, natarajia ishuke hadi simu za kati na hatimaye za bei ya chini, kama vile kamera mbili na chaji ya kasi zilivyoshuka. Hii ndiyo betri mpya ambayo mtu wa kawaida wa Kisauni au Kilifi ana haki ya kuitarajia bila kuota.

Betri ya chumvi

Ya pili katika foleni ni betri ya sodiamu. Sodiamu ni ile iliyo ndani ya chumvi ya kawaida, na hupatikana kila mahali, tofauti na lithiamu ambayo nchi chache tu huichimba kwa wingi. Kampuni ya CATL ya Uchina, ambayo ndiyo kubwa zaidi duniani katika betri za magari, ilionyesha ya kwanza mwaka 2021. Aprili 2025 ikatoa nyingine iliyopewa jina la Naxtra, yenye wati-saa 175 kwa kilo, na ambayo kampuni inasema hufanya kazi katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri hadi joto la nyuzi 70.

Kwa mtumiaji wa kawaida, mfano ulio wazi ni wa Japani. Machi 2025 kampuni ya Elecom ilianza kuuza pawabenki ya sodiamu ya mAh 9,000 kwa yeni 9,980, yaani zaidi ya shilingi 8,000 za Kenya. Inaahidi mizunguko 5,000 ya chaji. Lakini ina uzito wa takriban gramu 350, na bei yake iko juu sana kuliko pawabenki ya lithiamu ya uwezo huohuo. Hapo unaona kila kitu kwa mkupuo mmoja: imefika kweli, inadumu kweli, ila ni nzito na ni ghali.

Kwa sababu ya uzito huo, sodiamu haitaingia kwenye simu hivi karibuni. Simu inataka wepesi. Mahali pake ni pale ambapo uzito si hoja: betri ya sola inayokaa pembeni mwa nyumba, pikipiki ya umeme, tuktuk, friji ya samaki ya jua. Huko joto letu na chaji ya kila siku vinaipa nafasi nzuri.

Lakini hata hapo njia si nyeupe. Bei ya lithiamu ilipopanda kupita kiasi mwaka 2022, kila mtu aliisifu sodiamu. Bei hiyo ilipoporomoka kwa zaidi ya asilimia 80 katika takriban miaka miwili, sifa zikapungua. Kampuni ya Natron Energy ya Marekani, iliyojikita katika sodiamu, ilifunga shughuli zake Septemba 2025. Teknolojia inaweza kuwa nzuri na mwenye nayo bado akafilisika.

Na kabla wanasiasa wetu hawajaanza kuahidi kwamba mashamba ya chumvi ya Marereni na Gongoni yatatajirisha Kilifi kwa betri, tukumbuke kwamba chumvi ndiyo sehemu rahisi zaidi ya betri hiyo. Magadi ya kutengenezea kemikali za sodiamu tunayo pia kule Kajiado. Thamani iko kwenye kemikali zilizosafishwa, kaboni maalumu na viwanda vya kuunganisha. Ndugu zetu wa Kongo, ambako hutoka sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, wanaweza kutueleza vizuri tofauti ya kuwa na udongo na kuwa na kiwanda.

Inayosifiwa zaidi

Kisha kuna betri yabisi, bibi harusi ambaye kila mwaka husemekana yuko mlangoni. Betri ya kawaida ina kiowevu ndani yake kinachopitisha chaji, na kiowevu hicho ndicho kinachowaka moto betri ikiharibika. Katika betri yabisi, nafasi ya kiowevu huchukuliwa na kitu kigumu, kwa mfano kauri. Matokeo yake, kwa nadharia, ni betri salama zaidi, yenye nguvu nyingi katika nafasi ndogo.

Tatizo ni kwamba vitu vigumu viwili havigusani vizuri kama kigumu na maji. Ufa mdogo tu ukitokea, chaji haipiti. Lithiamu nayo huota miiba myembamba inayopenya hadi upande wa pili na kuua betri. Kutengeneza moja nzuri maabara kunawezekana. Kutengeneza milioni moja bila ufa ndiko kulikowatoa jasho.

Toyota ilisema mwaka 2017 kwamba itauza magari yenye betri hizo mwanzoni mwa miaka ya 2020. Oktoba 2023, ikishirikiana na kampuni ya Idemitsu, ikataja 2027 hadi 2028. Ukweli ni kwamba tarehe zimekuwa zikisogea kama kivuli cha mnazi.

Zilizo karibu zaidi ni zile ndogo sana. Juni 2024 kampuni ya TDK ya Japani ilitangaza malighafi ya betri yabisi yenye wati-saa 1,000 kwa lita, karibu mara 100 ya betri yake ya awali ya aina hiyo. Imekusudiwa vipokea sauti vya masikioni, saa za kidijitali na vifaa vya wasiosikia vizuri. Kwa hiyo usishangae betri yabisi ikifika sikioni kwako kabla ya kufika kiganjani. Kwa simu ya shilingi 12,000, sioni sababu ya kuitarajia katika muongo huu.

Iliyofika kimya kimya

Wakati tukiangalia mbele, kuna mapinduzi yaliyopita nyuma yetu. Ni betri ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma, ambayo mafundi wengi huiita kwa herufi tatu tu, LFP. Msingi wake ulichapishwa na kundi la Goodenough huko Texas mwaka 1997. Kwa miaka mingi ilidharauliwa kwa kuwa haibebi nguvu nyingi kama ndugu zake. Leo imo katika mitambo mingi ya sola na pikipiki nyingi za umeme.

Inadumu maelfu ya mizunguko ya chaji, ilhali betri nzito ya risasi na tindikali, tuliyoizoea kwenye sola na magari, huchoka baada ya mamia. Ukiichaji na kuitumia kila siku, mizunguko 3,000 ni zaidi ya miaka minane. Haina kobalti, na si rahisi kushika moto. Kwa nyumba ya Faza au Garsen iliyo mbali na nyaya za stima, tofauti hiyo ni kubwa kuliko jambo lolote litakalotangazwa kwenye maonyesho ya simu. Ilichukua robo karne, na ilipofika hakuna aliyepiga ngoma.

Lebo si betri

Sasa turudi kwenye lile swali la pili. Betri mpya ikitufikia, itafika kama ilivyotangazwa au litafika jina lake tu?

Tembea barabara yoyote ya mjini utaona pawabenki zilizoandikwa mAh 50,000, nyembamba kama sabuni, kwa bei ya mboga. Huhitaji kuwa mhandisi kuzikagua. Betri nzuri ya lithiamu hubeba takriban wati-saa 250 kwa kilo. Pawabenki ya mAh 50,000 ya kweli ina wati-saa 185, kwa hiyo lazima ipite gramu 700 kwa betri pekee. Ipeleke kwa muuza mchele aiweke kwenye mizani. Ikiwa na gramu 250, mwandishi wa lebo hiyo alikuwa mtunzi wa hadithi. Isitoshe, hata ile ya kweli ya mAh 10,000 hutoa kiasi cha mAh 6,000 hadi 6,500 tu simuni, kwa sababu nguvu hupotea inapobadilishwa kutoka volti 3.7 za ndani hadi volti 5 za waya wa USB.

Ukiwa na soko la namna hiyo, neno "silikoni" au "yabisi" litaanza kuandikwa kwenye makasha siku nyingi kabla ya kitu chenyewe kuingia ndani. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi wana kazi hapo. Bidhaa nyingi hizi hupitia bandari yetu ya Kilindini. Kupima uwezo wa betri ni kazi ya kifaa kidogo na saa chache. Kasha likisema mAh 20,000 na kipimo kikasema 7,000, mzigo huo urudi ulikotoka, na jina la aliyeuagiza litangazwe.

Kuna pia suala la joto. Kampuni ya Apple huwaonya wateja wake kwamba kuiweka simu mahali penye zaidi ya nyuzi 35 kunaweza kuipunguzia betri uwezo moja kwa moja. Mwezi Februari na Machi mji wa Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki juani hupita hapo bila shida. Betri inayosifiwa kwa kudumu miaka mitano katika nchi ya baridi haina wajibu wa kudumu mitano hapa. Mpaka betri zinazostahimili joto zitufikie, kivuli ndiyo teknolojia ya bei nafuu kuliko zote: simu isichajiwe juani, wala chini ya mto usiku.

Na betri ikichoka, ibadilishwe kwa urahisi. Tulikuwa na haki hiyo enzi za mulika mwizi. Betri ya BL-5C ya Nokia ulikuwa ukiitoa kwa ukucha, na hadi leo inazunguka kwenye redio ndogo na spika za mkononi. Simu za sasa zimegundishwa kwa gundi, na fundi akikosea kidogo betri inatoboka. Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba kuanzia Februari 18, 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa masharti maalumu. Tangu Juni 20, 2025 simu zinazouzwa huko lazima ziwe na betri inayobakisha asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800. Kenya haihitaji kuvumbua chochote. Inatosha kusema kwamba simu inayouzwa hapa isiwe duni kuliko inayouzwa kule.

Tumeshalipia betri kwa damu

Pwani ina sababu ya pekee ya kuuliza betri hufia wapi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Moshi na maji yake vilimwaga sumu ya risasi katika makazi ya watu. Watoto walipopimwa, risasi ilikutwa katika damu yao. Phyllis Omido, aliyesimama kuwatetea wanakijiji, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Betri zile zilikuwa na manufaa yake. Ziliwasha magari na kuangaza nyumba. Sumu yao haikwenda kwa aliyeziuza wala aliyeziendesha, ilikwenda kwa mtoto aliyecheza nje ya ukuta wa kiwanda. Hii ndiyo hesabu isiyoonekana katika matangazo.

Lithiamu haina risasi, lakini betri yake iliyovimba na kutupwa kwenye taka hushika moto, na moshi wake ni sumu. Kila simu mpya, kila pawabenki bandia inayokufa baada ya miezi mitatu, kila pikipiki ya umeme itakayozeeka, itaishia mahali. Tusipopanga, mahali hapo patakuwa jaa la Mwakirunge au kibanda cha kijana anayevunja vyuma chakavu kwa nyundo bila glavu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini abebe wajibu wake hata baada ya bidhaa hiyo kutumika. Maneno hayo ni mazuri. Lakini muulize jirani yako leo atapeleka wapi betri ya simu iliyovimba. Akikujibu "kwenye pipa", basi sheria hiyo bado haijafika mtaani kwenu.

Serikali za kaunti zetu zinaweza kuanza na jambo dogo: sanduku la chuma la kukusanyia betri katika kila soko kubwa, kuanzia Kongowea hadi Malindi na Mpeketoni, kwa gharama ya waagizaji. Maduka ya simu yatakiwe kupokea betri kuukuu kila yanapouza mpya. Fundi wa simu, ambaye hushika betri mbovu nyingi kwa wiki kuliko afisa yeyote wa mazingira, apewe mafunzo na alipwe kidogo kwa kila kilo atakayorudisha.

Kwa mnunuzi, ushauri wangu ni kwamba usiahirishe kununua simu unayoihitaji kwa kungoja betri yabisi. Ukiwa na uwezo wa simu ya kati, uliza kama betri yake ni ya silikoni na kaboni, na uliza ikiharibika fundi wa hapa anaweza kuibadilisha kwa bei gani. Ukinunua sola, epuka betri ya risasi ikiwa una uwezo wa LFP, kwa sababu ya bei rahisi utainunua mara tatu. Na kabla ya kulipia pawabenki yoyote, iombe mizani.